Kutafuta Ziwa la Kuuonea Mlima Mzima

Wenzangu wa jumuiya, tangu turudi hamnipi nafasi ya kupumua. Nikitoka kanisani mnanizunguka mlangoni, nikienda sokoni Kiboriloni muuza nyanya ananishika mkono. Eti ni kweli Mama Felista, bibi wa miaka themanini na mbili, amelala kando ya maziwa kwa wiki nzima ndani ya Kosta? Si wiki nzima, ni siku tano. Na kwa kuwa nimechoka kusimulia vipande vipande huku kila mtu akitia chumvi yake, nimeona niandike yote mara moja. Atakayetaka kuzidisha chumvi azidishe kwenye nakala yake.

Kwa wasiomjua, Mama Felista ni mama mkwe wangu, mama yake Deo. Anakaa Uru, kwenye kihamba, shamba la ukoo alikoolewa akiwa msichana, katikati ya migomba na kahawa. Jicho lake la kushoto lilishaliwa na presha ya macho zamani. La kulia lilikuwa linaona, lakini mwaka huu alianza kugonga vikombe na kusalimia watu wakiwa wameshapita. Mimi nimefanya kazi ya uuguzi miaka thelathini, nikajua kabla hatujafika kliniki. Daktari alimpima, akatuita pembeni, akasema jicho hilo lililobaki linaona katikati tu, pembeni kote kumefunga, na hapo katikati napo panaendelea kufunga. Muda hakuweza kututajia.

Tulipomwambia, Mama hakulia. Alikunja leso yake vizuri, akasema, "Basi nipelekeni nikauone mlima."

Deo akacheka kwa mshangao. "Mama, mlima si huu hapa nje?"

"Huo ni kipande. Mimi nimeishi juu yake miaka yote, nimekuwa kama mtoto wa mgongoni. Sijawahi kuuona wote, kutoka kichwani hadi unapoishia. Baba yako aliuona."

Marehemu baba mkwe alikata mkonge tambarare wakati wa ujana wake. Alimwambia mkewe kwamba kuna ziwa huko chini, ukiamka asubuhi unaukuta mlima mzima umesimama, na mwingine umelala ndani ya maji. Ziwa gani? Mama hakumbuki kama alitajiwa jina. Kwa upande wetu huku, maziwa ya kufikiriwa ni matatu: Chala, Nyumba ya Mungu na Jipe. Hapo ndipo mabishano yalipoanzia nyumbani kwangu.

Gari tulikuwa nalo. Deo ni fundi makanika, na mwaka juzi alichukua Kosta iliyokuwa imekufa, akatoa viti, akaweka vitanda viwili, jiko la gesi, tangi la maji na dirisha kubwa kwa nyuma. Mtaani wanaiita Konokono. Alikuwa anaota kuzungukia nchi nayo tutakapozeeka, na kumbe safari ya kwanza ilikuwa ya mama yake. Ng'ombe wetu tulimwachia jirani, akakubali kumkatia majani siku nne, siyo tano. Ilikuwa mwishoni mwa Septemba, jua kali mchana, baridi asubuhi, na mlima unaonekana pale tu wenyewe unapopenda.

Kiboriloni hadi Chala

Deo alichagua Chala kwanza. Sababu yake ilikuwa kwamba ndilo ziwa lililo karibu na mlima kuliko mengine, kwa hiyo mlima utaonekana mkubwa zaidi. Hata mimi niliona ni hoja ya maana. Kumbukeni hilo, msije mkamlaumu peke yake.

Tulichelewa kuondoka kwa sababu ya ndizi. Mtu wa Uru hawezi kwenda popote bila ndizi, lakini Mama alipakia mikungu minne, pamoja na sufuria ya kiburu cha ndizi na maharage na chupa mbili za mtori. Nilimwambia tunakwenda siku nne tu. Akanijibu, "Na hao tutakaowakuta huko watakula nini?" Deo akafunga mikungu miwili juu ya paa, na miwili ikalala na mimi.

Himo tulikaa saa nzima kwa sababu kila tuliposimama watu walidhani ni gari la abiria. Mama mmoja mwenye kuku wawili alipanda, akaketi kwenye kitanda changu, akauliza kama tunafika Tarakea. Nilipomweleza kwamba hii ni nyumba, aliangalia jiko, akaangalia mapazia, akasema, "Mungu awabariki, lakini nishusheni hapo mbele." Tukambeba hadi Holili na kuku wake.

Kutoka hapo barabara ni vumbi na mawe. Konokono ilipanda taratibu huku sufuria zikigongana, na saa kumi alasiri tukafika kwenye ukingo wa shimo la Chala. Nimekulia Kilimanjaro nami sikuwahi kufika Chala. Unatembea kwenye nyasi kavu, huoni chochote, halafu ardhi inakatika ghafla na chini kabisa kuna maji ya bluu ambayo sijui nani aliyaweka humo. Kuta zinazolizunguka zimesimama wima. Nilishika mti.

Mlinzi wa kambi, Mrombo mmoja mchangamfu aitwaye Kessy, alikuja mbio na daftari lake. Akatusalimia, akamwamkia Mama shikamoo, kisha akaanza kuchungulia madirishani.

"Wageni wako wapi?"

"Wageni gani?" Deo akauliza.

"Wazungu. Mnaowapikia."

"Wageni ni sisi."

Kessy alicheka, akadhani anataniwa. Alizunguka gari lote, akarudi. "Yaani Wachagga mmetoka kwenu mlimani, mmelipa kulala porini ili muangalie mlima?" Alipoelezwa habari ya jicho la Mama, alivua kofia. Akatutafutia mahali pazuri kuliko pote, pasipo na mti mbele, akakataa kuondoka mpaka tulipompa bakuli la kiburu.

Asubuhi ya Chala

Saa kumi na mbili nilifungua mlango, nikaita jina la Bikira Maria bila kukusudia.

Ulikuwa wazi wote. Hapakuwa hata na kijiwingu. Theluji ya Kibo ilikuwa imeshika rangi ya waridi, Mawenzi na meno yake ukiwa upande wa kulia, na chini yake msitu mweusi, na chini ya msitu mashamba ya Rombo yakishuka hadi karibu na miguu yetu. Ulijaza upande mzima wa dunia. Ilibidi nigeuze shingo kuumaliza. Nilijisikia mdogo, na nilifurahi kuwa mdogo. Deo alikuwa analia bila kujificha.

Tukamtoa Mama, tukamketisha kwenye kiti cha plastiki, tukamgeuza. Tukangoja aseme.

Mama akaangalia. Akasogeza kichwa kushoto, akakirudisha, akakishusha, akakiinua, kama kuku anayetafuta punje. Akaendelea hivyo kwa muda mrefu.

"Naona theluji," akasema. "Sasa naona miti. Hapa kuna mawe, haya ni ya Mawenzi?" Kisha akanigeukia. "Mkamwana, mlima wenyewe uko wapi?"

Nilikunja ngumi nikaacha tundu dogo katikati, nikaliweka jichoni nikaangalia mlima. Niliona theluji. Nikasogeza, nikaona miti. Miaka thelathini ya uuguzi, nami sikuwa nimelifikiria jambo hilo! Jicho lake lilikuwa limebaki na tundu, na tulikuwa tumemleta mahali ambapo mlima ni mkubwa kuliko tundu hilo mara nyingi. Kadiri tulivyoukaribia ndivyo tulivyomnyima.

"Baba Anna," nikamwambia mume wangu, "tumekosea. Inabidi twende mbali. Mbali kabisa, mlima uwe mdogo, ndipo utaenea kwenye jicho lake."

Deo alikunja ngumi yake naye, akaangalia. Aliiteremsha taratibu. Alikuwa na dirisha kubwa la kumwonyesha mama yake mlima mkubwa, na sasa anaambiwa amtafutie mlima mdogo.

Chala hadi Nyumba ya Mungu

Ziwa la mbali kuliko yote ni Nyumba ya Mungu. Ni bwawa, lakini sisi wote tunaliita ziwa. Tulirudi Himo, tukaifuata lami kuelekea Mwanga, kisha tukaingia kulia kwenye vumbi ambalo liliingia hata kwenye friji. Mama alijifunika khanga kichwani akasali rozari. Nilipotaka kumsimulia tunayoyapita aliniambia niache, anayasikia.

Tulifika alasiri. Upepo ulikuwa unavuma, vumbi limetanda, na pande zote mbingu ilikuwa ya rangi moja ya majivu. Harufu ya samaki wanaokaushwa ilitupokea kabla ya mtu yeyote. Aliyetupokea wa kwanza alikuwa Mama Rehema, mwanamke mnene mwenye sauti ya kufika ng'ambo, anayekaanga perege kando ya maji. Alituonyesha ncha ya ardhi iliyozungukwa na maji pande mbili, akasema hapo tulale kwa amani, viboko hawapandi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo tulipojiaibisha.

Kwetu mlimani mtu halali ovyo ovyo. Kichwa kinakuwa upande wa juu, miguu upande wa bondeni. Kitanda kinawekwa hivyo, na Mama hajawahi kulala vinginevyo. Akamwambia Deo, "Niwekee kichwa mlimani." Tena dirisha la nyuma lilitakiwa lielekee hukohuko, ili asubuhi akigeuza kichwa tu auone. Deo akashuka, akaangalia ardhi. Upande mmoja ilikuwa inapanda kidogo, polepole, kuelekea kwenye vumbi. Akarudisha gari, akalipanga vizuri kabisa, dirisha likaangalia kule panapopanda.

Mtanicheka. Lakini jiulizeni, ni nani kati yenu amewahi kumuuliza mtu mlima uko wapi? Unaujua kwa magoti. Panapopanda ndiko uliko. Tangu tuzaliwe haijawahi kuwa vingine, kwa hiyo hakuna aliyefikiria kuuliza. Nilisimama nje nikamwelekeza Deo kwa mkono, "Rudi, rudi, kata kushoto, hapo hapo." Ni mimi niliyesema hapo hapo.

Jioni Mama Rehema alituletea sinia la perege wakubwa, wamekaangwa wakakauka vizuri, na pilipili pembeni. Mama Felista alishika samaki kwa vidole viwili, akamgusa mkia, akamrudisha.

"Nimeshiba, mwanangu."

Mama Rehema aliangalia sinia, akaangalia kiburu chetu. "Hamjagusa hata mmoja. Au mnaona chakula changu kina kitu?"

Nikaona uso wake umebadilika, nikaharakisha kumwambia ukweli: wazee wetu wa mlimani hawakuzoea samaki, na kwa Mama Felista chochote kinachoishi majini bila miguu ni nyoka. Mama Rehema aliduwaa. "Nyoka?" Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi chini, na Mama naye akacheka kwa kumsikia. Deo na mimi tulilimaliza sinia. Mama akaamuru ashushiwe mkungu mmoja kutoka kwenye paa, na urafiki ukafungwa hapo.

Asubuhi tuliyoipoteza

Tuliamka gizani. Upepo ulikuwa umetulia, vumbi limeshuka. Tulimkalisha Mama kitandani, tukamwekea mito mgongoni, tukafuta dirisha. Mbele yetu kulikuwa na weusi mrefu wa mlima, na Deo alinibana mkono. Mbingu ikaanza kupauka. Tukangoja theluji.

Badala ya theluji likatoka jua. Lilitoka juu ya ule weusi, mbele yetu moja kwa moja, likatuchoma machoni. Nilikaa nikiliangalia kwa muda kabla akili haijanirudia. Jua halijawahi kutoka kwenye theluji ya Kibo kwa mtu wa Moshi. Tulikuwa tumeikodolea macho milima ya Upare.

Hapo hapo nikasikia sauti ya Mama Rehema nje. Alikuwa anapita na beseni lake kichwani. "Nyie, mbona mmeupa mlima mgongo?"

Tulitoka mbio. Mlima ulikuwa upande wa kaskazini, juu ya maji, wote, na mdogo. Mdogo kama tulivyokuwa tunautaka, mweupe juu, bluu chini, na miguu yake imetandazwa kushoto na kulia mpaka ilipoishia. Nilitamani kupiga kelele. Deo alimbeba mama yake mikononi, sikujua bado ana nguvu hizo, na mimi nikabeba kiti. Lakini mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya kiunoni. Tulipomketisha yalikuwa yameficha Mawenzi. Jicho la Mama lilizunguka likitafuta, juu, chini, kushoto, na mimi nikimshika kidevu na kumwelekeza, na lilipofika mahali penyewe palikuwa pamebaki doa moja jeupe.

"Niliona cheupe," akasema baadaye. "Sijui kilikuwa theluji au wingu."

Deo aliketi kwenye ngazi ya gari, akaweka kichwa mikononi. Mtu anayejua kila nati ya gari alikuwa ameshindwa kujua mlima wa kwao ulipo. Nilimwambia hata mimi nilikosea. Tulikaa hapo siku nzima na usiku wa pili, lakini kesho yake vumbi lilishika tangu alfajiri, na hatukuona hata maji ya ng'ambo.

Ilikuwa siku ya nne. Deo akasema turudi, jirani alitoa siku nne, na ng'ombe hali maneno. Najua haikuwa habari ya ng'ombe. Hakutaka kuona tena mama yake akitafutatafuta na kukosa. Mimi nikatoka nje nikampigia jirani simu, akanung'unika, akasema siku moja tu, basi. Niliporudi ndani Mama alikuwa ameshafunga leso kichwani.

"Limebaki moja," akasema. "Twendeni kwenye hilo moja."

Mwanga hadi Jipe

Tangu tulipoacha lami, Deo aliuliza. Alimuuliza mwendesha baiskeli mlima uko wapi. Alimuuliza mwanamke aliyeuza mkaa. Alimsimamisha mzee wa Kipare aliyekuwa anaswaga mbuzi, akashuka, akamwamkia kwa heshima, akauliza, "Samahani baba, Kilimanjaro iko upande gani?"

Mzee alisimamisha mbuzi wake. Akaangalia namba ya gari, akaangalia mkungu wa ndizi uliobaki juu ya paa.

"Wewe si Mchagga?"

"Ni Mchagga, baba."

"Mchagga unaniuliza mimi Mpare mlima wenu ulipo?" Akageuka pande zote kutafuta mtu wa kumsimulia, na kwa kuwa hapakuwa na mtu akawasimulia mbuzi. Halafu akanyoosha fimbo, akaishika hivyo kwa muda mrefu ili tusikosee. Mama alicheka njia nzima. Nilifurahi kumsikia, maana tangu asubuhi ile hakuwa amecheka.

Konokono ilinasa kwenye mchanga mara mbili. Mara ya kwanza tulijikwamua kwa majani, mara ya pili wachungaji wanne walisukuma, wakaondoka na mkungu wa pili na wa tatu. Jua lilikuwa linazama tulipofika nyumbani kwa Mama Mbonea, mjane wa Kipare ambaye uwanja wake unaishia kwenye matete ya ziwa. Hakuna kambi rasmi hapo. Mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyetuelekeza kwake. Mjane huyo alitukaribisha kwa uji wa moto, na alipoambiwa tunachotafuta hakuuliza maswali. Alimshika Mama mkono, akaenda naye hadi ukingoni, hatua kwa hatua, akamwonyesha mahali ambapo wavuvi wamekata matete kupitisha mitumbwi yao.

"Hapa ndipo maji yanaonekana," akasema. "Kwingine kote ni matete tu. Kesho kaa hapa, bibi. Lakini mapema. Mlima wenu unaona haya, jua likipanda unajifunika."

Deo alipanga gari kwa kufuata fimbo ya mzee wa mbuzi. Halafu akamwita Mama Mbonea ahakikishe.

Jipe

Ukungu ulikuwa mzito juu ya maji, na viboko walikuwa wanakoroma mahali fulani ndani yake. Mama aliketi kwenye kiti, kitenge mabegani, mikono juu ya mapaja. Nilipiga magoti nyuma yake, nikaweka shavu langu karibu na shavu lake ili nione anakoelekea. Deo alisimama pembeni. Hakuthubutu kuangalia mbele, alikuwa anamwangalia mama yake tu.

Ukungu ulianza kuondoka kutoka chini. Kwanza maji, yametulia kabisa. Kisha mitumbwi miwili. Kisha, juu ya matete, mbali sana, ukatokea.

Sina maneno mazuri, nitasema nilivyouona. Ulikuwa wote. Kibo ilikuwa upande mmoja na Mawenzi upande mwingine, na kati yao ule uwanda ambao ukiwa nyumbani huujui. Mabega yakishuka pande zote mbili taratibu, bila haraka, mpaka yakagusa tambarare na kwisha. Na ndani ya njia ya maji waliyoikata wavuvi, mwingine kama huo, kichwa chini. Nimeishi mlimani tangu nizaliwe na sikuwa nimejua kwamba unaisha mahali. Nilimshika Mama kidevu, nikakisogeza kidogo kulia, kidogo tena, nikakiachia.

Mwili wake ukatulia. Hakusogeza kichwa tena.

Mama Mbonea alikuja na kikombe cha uji, akakishika tu mkononi.

"Umeenea," Mama akasema. "Mawenzi huu. Kibo hii. Na hapa unaishia. Na hapa unaishia." Alikuwa anaonyesha kwa kidole, na kidole hakikukosea. "Na ule wa majini ninauona. Deo! Baba yako hakuwa mwongo."

"Ndilo ziwa lenyewe, Mama?"

"Sijui. Haidhuru." Akavuta pumzi. "Ni mdogo jamani. Uru yote iko pale, na Kibosho, na Marangu, na makanisa yote, na kaburi la baba yako, na watu wote niliowahi kugombana nao kwa ajili ya mfereji. Wote wameenea kwenye jicho langu."

Hapo Deo akaangalia mlima kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Machozi yalimtoka naye akayaacha yatiririke. Aika, alikuwa anasema, aika, na sikujua anamshukuru nani kati ya Mungu, mama yake na mzee wa mbuzi.

Mawingu yalikuja kama saa mbili hivi. Mama aliyaangalia yakifunika kila kitu hadi mwisho, bila kulalamika. Nilidhani sasa atataka kurudi ndani, nikamshika mkono nimwinue. Alinikatalia.

"Mkamwana, uso wako niliuona mzima lini mara ya mwisho?"

Niliinama, nikasogeza uso wangu mbele ya jicho lake.

"Ukija karibu naona pua. Nikitafuta macho, pua inaondoka. Deo ndiyo kabisa, naona vifungo vya shati. Nendeni kule." Akanyoosha mkono kuonyesha ukingo wa ziwa. "Nendeni nyinyi wawili, mrudi kinyumenyume, niwaone."

Tukaenda. Tulitembea kinyumenyume kwenye tope, mimi na mume wangu wa ndoa ya miaka thelathini na minne, huku Mama Mbonea akiwa amemwinamia akimwelekeza kidevu kama nilivyokuwa nikifanya.

"Bado!" Mama akaita. "Nendeni tena! Bado, mmelizidi jicho!"

Tukarudi hatua kumi. Ishirini. Tope lilifika kwenye vifundo.

"Sasa namwona Deo mzima! Mkamwana yuko wapi? Mbona mmeachana? Sogeleaneni!"

Mbele ya mama mkwe wangu sijawahi kumshika mume wangu hata mkono. Nilimsogelea Deo hatua moja.

"Zaidi!"

Deo akanizungushia mkono kiunoni, akanivuta mpaka bega langu likaingia kifuani kwake. Tulikuwa mbali sana na kile kiti, nisingeweza hata kusema kama Mama analia au anacheka.

"Hapo hapo," akaita. "Msitikisike. Mmeenea."

Tulisimama hivyo mpaka jua likatukausha tope miguuni, na Mama hakutuambia turudi.